Kisiwa na Kisima Chake: Mhadhara Juu ya Kupanda kwa Bahari na Watu wa Visiwa vya Chini



Mlionialika kusema mbele yenu jioni hii mlinipa mada iliyo pana mno, nayo ni athari za kuongezeka kwa joto la dunia juu ya watu wakaao katika visiwa vilivyo chini. Na kwa kuwa mtu atakaye kuvisema visiwa vyote kwa saa moja hatasema neno lenye kufaa juu ya kisiwa hata kimoja, nimeona ni heri nielekee Maldivi, nikae huko kwa muda mrefu, kisha, wakati ukiniruhusu, nivitaje visiwa vichache vya Pasifiki ambavyo mashaka yake yana nasaba na mashaka hayo.

Sikuichagua Maldivi kwa bahati nasibu. Bahari iliyo mbele ya Mombasa na Unguja ndiyo hiyo hiyo inayovizunguka visiwa vile, na pepo za kusi na kaskazi zilizoleta majahazi katika bandari zetu ndizo zilizowapeleka wasafiri huko tangu dahari. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikwenda baadaye katika karne hiyo hiyo kukaa Maldivi, akapewa kazi ya ukadhi, na ametuachia habari za kamba za makumbi ya nazi zilizopelekwa nchi za mbali kushonea vyombo, kazi ambayo mafundi wa mitepe wa pwani yetu waliijua vilevile. Na kadhalika habari za kauri zilizookotwa katika maji ya visiwa vile, ambazo zilitumika kuwa fedha Bengali na hata Afrika ya Magharibi. Watu wake walisilimu mwaka 1153. Msikiti wao wa kale wa Ijumaa katika mji mkuu wa Malé, uliojengwa mwaka 1658, kuta zake ni matumbawe yaliyochongwa kwa ustadi mkubwa, na mtu aliyekwisha kuuona msikiti mkuu wa Kilwa hatahitaji kuelezwa kwamba mafundi wa pande zote mbili walikata jiwe katika bahari moja.

Basi ikiwa ni hivyo, mbona habari zao tunazipata kwa namna ya ajabu kiasi hiki? Gazeti likitaka kuitaja Maldivi hutoa picha ya kisiwa kilichoonwa kutoka angani, mchanga mweupe, minazi, na maji ya rangi ya feruzi, na chini yake maneno ya kwamba nchi hiyo itazama baada ya miaka kadha wa kadha. Nadhani picha hiyo imetudhuru. Imetuzoesha kuingoja siku ya gharika, siku moja kubwa yenye tarehe, na kwa kuwa siku hiyo haijafika tunajiona bado tuna wasaa. Hali ya kuwa binadamu wa visiwa hutolewa kwake na mambo yaliyo madogo kuliko gharika na yanayotangulia kuja, kama kisima kilichogeuka chumvi, mshelisheli uliokauka, na bei ya dumu la maji ambayo mvuvi hawezi tena kuilipa. Kisiwa hufa kwa kiu zamani kabla ya kufunikwa na maji. Hilo ndilo ninalotaka kulisema, na mengine yote nitakayoyasema ni ya kulishuhudia.

Lakini hatuwezi kuielewa kiu hiyo bila ya kujua kwanza kisiwa cha namna ile ni kitu gani. Maldivi ina visiwa vipatavyo 1,200, na katika hivyo akali yake tu, vipatavyo 190, ndivyo vyenye maskani ya wenyeji. Watu wake wote ni kama nusu milioni. Zaidi ya sehemu 80 katika kila sehemu 100 za ardhi yake haifiki mita moja juu ya usawa wa bahari, na mahali palipoinuka kuliko pote kwa maumbile hapafiki mita tatu. Visiwa hivi havikai ovyo, bali vimejipanga katika duara, kila duara likizunguka wangwa wa maji matulivu, na sababu ya umbo hilo iliwashughulisha wanachuoni kwa muda mrefu, hata Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1842 juu ya miamba ya matumbawe, alipofasiri kwamba palikuwa hapo zamani na mlima wa volkano ulioanza kudidimia polepole, na matumbawe yaliyouzunguka, kwa kuwa hayawezi kuishi mbali na nuru ya jua, yakawa yanajijenga juu ya maiti za wazee wao kadiri mlima ulivyoshuka, mpaka mlima ukatoweka na duara la matumbawe likabaki. Yalikuwa maneno ya mtu aliyetumia akili zaidi kuliko vyombo, na walimcheka waliomcheka. Lakini mwaka 1952, walipotoboa mwamba wa Enewetak katika visiwa vya Marshall, walipita katika matumbawe zaidi ya mita 1,200 ndipo walipolifikia jiwe la volkano.

Na mchanga je? Mchanga wa visiwa hivi haukuletwa na mto wowote, maana mito haipo. Umetokana na viumbe: vipande vya matumbawe, makombe, magamba ya vijidudu vya baharini, na sehemu kubwa sana imepita katika tumbo la pono, samaki ambaye wavuvi wetu wanamtambua kwa mdomo wake mgumu, agugunaye mwamba ili ale vijimea vilivyomo, kisha akakitoa kilichosalia kikiwa mchanga safi. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa kuwa nitalihitaji mbele: ardhi ya kisiwa cha namna hii huzalishwa kila siku, na mzazi wake ni mwamba ulio hai. Mwamba ukifa, mchanga uliopo hautaondoka siku ile, lakini mrithi wake hatazaliwa.

Sasa natuje kwenye maji. Mvua inyeshapo juu ya kisiwa cha mchanga haipati bonde la kutiririkia. Huzama, ikashuka hata ikakutana na maji ya bahari yaliyokwisha kupenya chini ya kisiwa kutoka kila upande. Na kwa sababu maji ya chumvi ni mazito zaidi, yale ya mvua hubaki yameelea juu yake kama samli juu ya mchuzi, yenye kina katikati ya kisiwa na haba pembeni. Mtu achimbaye kisima hapo, tena kwa mikono yake mitupu karibu, huyapata maji matamu kwa kina kisichozidi kimo chake, na kwa maji hayo watu wameoa na kuzaa na kuzikana kwa muda wa miaka zaidi ya elfu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20 Mholanzi Badon Ghijben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kwa upande wake, waliipata hesabu ya mambo haya: kwa kila futi moja ya maji matamu iliyonyanyuka juu ya usawa wa bahari, futi 40 zimelala chini ya usawa huo. Ni hesabu ya karatasini, kwa kuwa bahari ipwapo na kujaa mara mbili kila siku huyatikisa maji ndani ya mchanga, yakachanganyika, na tabaka la maji ya kunyweka likawa dogo kuliko hesabu ilivyotaka. Walakini kanuni yenyewe ni sahihi, na ndani yake mna hukumu nzito, kwani upungufu wa inchi chache huku juu ni upungufu wa futi nyingi kule chini.

Pana wanaosema kwamba bahari ikipanda, maji matamu nayo yatapanda juu ya mgongo wake, na kwa hiyo hapana hasara. Maneno hayo ni kweli kwa kisiwa chenye kimo cha kuyapokea. Kisiwa kilichoinuka nusu mita hakina nafasi hiyo: maji matamu hupanda hata yakafika uso wa ardhi, yakawa vidimbwi, jua likayakausha, na kilichopungua juu kikarudishwa chini kwa kipimo cha 40. Fauka ya hayo, bahari ikila ukingo, kisiwa huwa chembamba, na kisiwa chembamba hakiwezi kubeba tabaka nene. Na huo ndio mwendo wa taratibu, usio na kelele. Upo mwendo mwingine, wa siku moja, pale wimbi linapopita juu ya ardhi na kumwaga chumvi ndani ya visima kwa midomo yake. Kwa uzito wake chumvi ile hushuka katikati ya maji matamu na kuyaharibu mpaka chini, na baada ya hapo hutakiwa mvua za miezi mingi, pengine mwaka na zaidi, ili kisima kirudi katika hali yake. Wimbi la pili likija kabla ya mvua hizo kutimiza kazi yake, kisima hakirudi.

Minazi huvumilia. Mshelisheli hauvumilii sana, mgomba hauvumilii kabisa. Katika visiwa vya Tuvalu, kule Pasifiki, watu walikuwa na desturi ya kuchimba mashimo mapana hata wakaufikia unyevu wa maji matamu, wakapanda humo jamii ya majimbi makubwa waitayo pulaka, wakiyarutubisha kwa majani yaliyooza, na mashimo hayo yakawa ni mali ya ukoo, yakirithiwa kama sisi turithivyo mashamba ya karafuu. Leo mengi yameingiwa na chumvi, majimbi yanaoza mizizi, na watu wanakula mchele ulioletwa kwa meli. Mwaka 2011 ukame uliwabana hata serikali yao ikatangaza hali ya hatari, na mitambo ya kusafishia maji ya bahari ikaletwa kutoka New Zealand na Australia. Wenyeji wa pwani ya mashariki ya Unguja, na wakulima wa mpunga katika baadhi ya mabonde ya Pemba ambamo bamvua imeingia, hawahitaji kuhadithiwa mambo haya. Wao hutofautiana na Watuvalu kwa jambo moja tu, kwamba nyuma yao ipo ardhi iliyoinuka.

Nirudi Maldivi, kwa kuwa Malé ndiyo iliyonifundisha zaidi. Kisiwa kile, chenye eneo la kilomita za mraba zipatazo mbili pamoja na sehemu zilizofukiwa, kimejaa watu kupita kiasi, na pamoja na visiwa vilivyoungwa nacho kinabeba zaidi ya theluthi moja ya taifa. Visima vyake viliharibika kabla ya bahari kufanya lolote la maana: watu walikuwa wengi, vyoo vilikuwa karibu na visima, na mwaka 1978 ukaja ugonjwa wa kipindupindu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 mji ukaanza kunywa maji ya bahari yaliyosafishwa kwa mitambo, na mitambo ile hutaka umeme, na umeme ule hutokana na mafuta yanayonunuliwa ng'ambo. Mwezi wa Desemba mwaka 2014 moto ukazuka katika mtambo huo, na watu zaidi ya 100,000 wakaamka hawana maji. Uhindi na Uchina zikapeleka maji kwa ndege na kwa meli, na raia wa mji uliozungukwa na maji pande zote wakapanga foleni kungoja chupa. Malé siku ile ilikuwa haijazama hata inchi moja. Mtu akiniuliza hatari ya kisiwa hufananaje, nitamwonyesha foleni ile, ingawa sababu yake ilikuwa moto na wala si joto la dunia, kwa kuwa ilidhihirisha jinsi maisha ya watu yanavyobaki yamening'inia kwenye uzi mmoja kisima kikishaondoka.

Naam, juu ya bahari yenyewe nitasema kwa ufupi, maana tarakimu zake zimetangazwa mara nyingi. Kabla ya enzi ya viwanda hewa ya dunia ilikuwa na sehemu 280 za hewa ya ukaa katika kila sehemu milioni. Leo zimezidi 420. Joto la wastani limepanda zaidi ya digrii moja. Bahari hupanda kwa sababu mbili kubwa, ya kwanza ni kwamba maji yakipata moto hutanuka, na ya pili ni kuyeyuka kwa barafu iliyokuwa juu ya nchi kavu. Na kati ya mwaka 1901 na 2018 imepanda kiasi cha sentimita 20, kwa mwendo ambao zamani ulikuwa chini ya milimita moja na nusu kwa mwaka na sasa umepita milimita tatu na nusu. Sentimita 20 si kitu kwa mtu wa Nairobi. Kwa mtu ambaye nyumba yake iko sentimita 80 juu ya maji, ni robo ya kila alichonacho, na juu ya msingi huo ndipo kila bamvua na kila wimbi hupanda.

Mwezi wa Aprili mwaka 1987 mawimbi marefu yaliyozaliwa na dhoruba za mbali sana upande wa kusini yaliingia Malé, yakafagia sehemu ya ardhi iliyofukiwa na kuharibu kiwanja cha ndege, na watu wakastaajabu kuona bahari imewavamia bila ya tufani juu ya vichwa vyao. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Rais Maumoon Abdul Gayoom akasimama mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa akaeleza kwamba kupanda kwa bahari kwaweza kulifuta taifa zima; wakati ule ni wachache waliokuwa wakilitaja jambo hilo katika baraza za wakubwa. Mwaka 1989 nchi ndogo za visiwa zikakutana Malé, na mwaka 1990 ukaanzishwa Muungano wa Nchi za Visiwa Vidogo, ambao ndio ulioshikilia, kwa ubishi wa miaka mingi, kwamba kikomo cha joto kiwe digrii moja na nusu wala kisiwe mbili, hata digrii hiyo moja na nusu ikaingia katika Mapatano ya Paris ya mwaka 2015 kuwa ni lengo la kujitahidi kulifikia. Yafaa watu wajue hivyo. Tumezoea kuwahesabu wanavisiwa kuwa ni wa kuhurumiwa, na hali wao ndio waliowafundisha wengine kuhesabu, ingawa nchi zao zote ndogo kwa pamoja hazitoi hata sehemu moja katika mia ya gesi zinazoichemsha dunia.

Tarehe 17 Oktoba 2009 Rais Mohamed Nasheed alilikutanisha Baraza la Mawaziri chini ya bahari, kila waziri na mtungi wake wa hewa mgongoni, wakatia saini karatasi isiyolowa. Wako waliocheka. Mimi naliheshimu tendo lile kwa ujasiri wake, ila naona lilikuwa na dosari moja: liliikaza ile ile picha ya kuzama. Waziri wa maji angekutanishwa na wenzake kando ya kisima kilichoharibika, picha isingechapishwa mahali popote, na ingekuwa ya kweli zaidi.

Hapa sina budi kulikabili jambo ambalo baadhi ya watetezi wa visiwa hawapendi litajwe. Wapimaji walipozilinganisha picha za visiwa vya Tuvalu zilizopigwa kutoka angani tangu mwaka 1971 hata 2014, walikuta kwamba jumla ya ardhi haikupungua; iliongezeka kwa karibu sehemu 3 katika 100, ijapokuwa bahari ilikuwa ikipanda muda wote huo. Waliokanusha joto la dunia walishangilia. Furaha yao ni ya mtu asiyesoma ukurasa wa pili. Kisiwa cha mchanga huhama: huliwa upande wa bahari kuu na kuongezwa upande wa wangwa, hupanuliwa na kusi na kupunguzwa na kaskazi, na mwamba uliopigwa na dhoruba hukirushia vifusi vikawa ardhi. Lakini nyumba haihami pamoja na mchanga, wala kisima, wala kaburi la babu. Katika visiwa vya Marshall mawimbi yamefukua hata mifupa ya askari wa Vita Kuu ya Pili. Mtu aweza kuwa na eneo lile lile katika daftari la mpimaji, na kijiji chake kikawa majini. Tena kuhama kwenyewe kwahitaji mchanga mpya, na mchanga mpya kama nilivyosema una mzazi. Mwaka 1998 bahari ilipata moto kupita kadiri, matumbawe ya Maldivi yakavitoa vijimea vinavyoishi ndani yake na kuyalisha, yakapauka, na sehemu kubwa sana ya yale ya maji mafupi ikafa. Yakapona kwa miaka mingi, na mwaka 2016 yakapigwa tena. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walipoandika taarifa yao ya mwaka 2018 walikadiria kwamba kwa digrii moja na nusu matumbawe ya dunia yatapungua kwa sehemu 70 hadi 90 katika 100, na kwa digrii mbili yatabaki machache mno.

Vilevile si kila ardhi iliyopotea imechukuliwa na joto la dunia. Karibu na Pangani kilikuwapo kisiwa cha Maziwe, kilichokuwa na mivinje na fukwe ambazo kasa walipanda kutaga mayai. Leo ni fungu la mchanga tu ambalo maji yakijaa hulifunika. Wengine husema ni bahari iliyopanda, wengine ni ukataji wa miti iliyokuwa imeushika mchanga, na mimi sioni kwa nini sababu mbili zisikae pamoja katika shimo moja. Nalisema hili kwa kuwa hoja dhaifu humponza mwenye haki: anayeitia kila hasara katika hesabu ya joto la dunia humpa mshitakiwa mlango wa kutokea.

Na Maldivi wenyewe wana mambo yao ya kujibu. Tangu mwaka 1997 wamekuwa wakikijenga Hulhumalé, kisiwa cha kufukia kilichoinuliwa kiasi cha mita mbili, ambacho sasa ni mji kamili, na kwa wasio na nyumba Malé ni faraja isiyo na kifani. Lakini mchanga wake ulifyonzwa kutoka chini ya wangwa, na tope litimkalo hushuka juu ya matumbawe yale yale ambayo ndiyo ukuta wa asili. Watalii wapatao milioni mbili huja kila mwaka kwa ndege, na fedha zao ndizo zinazolipia mafuta ya mitambo ya maji. Mtu wa mbali huona unafiki. Mimi naona nchi isiyo na madini, isiyo na mashamba, yenye jodari na uzuri wake tu vya kuuza, ikichagua kati ya madhara ya leo na madhara ya kesho, na sijui ni nani kati yetu angechagua vingine.

Yabaki suala la kuondoka. Huko huko Maldivi, katika kundi la visiwa la Raa, kulikuwa na kisiwa cha Kandholhudhoo, kilichosongamana watu na kuzoea kufurika; tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, ambayo ilitokana na tetemeko na wala haina uhusiano na joto, ilikiharibu kikawa hakikaliki, na watu wake, elfu kadhaa, baada ya miaka ya kukaa kwa wenzao wakahamishiwa Dhuvaafaru, kisiwa kilichokuwa kitupu. Walihama jamii nzima, ndani ya nchi yao, lugha yao na misikiti yao. Hiyo ndiyo hijra iliyo nyepesi kuliko zote. Kiribati, kule Pasifiki, ambayo ardhi yake ni kilomita za mraba 811 na bahari yake ni kama milioni 3 na nusu, ilinunua shamba kubwa huko Fiji mwaka 2014, chini ya Rais Anote Tong; aliyemfuata akaiacha siasa ya kuhama, akasema watu watabaki. Sioni kwamba mmoja wao alikuwa mpumbavu. Aliyenunua alikuwa akihesabu visima, na aliyekataa alikuwa akihesabu kitu ambacho hakiuzwi shamba kwa shamba.

Tuvalu wamekwenda njia ya tatu. Kwa mkataba waliotia saini na Australia mwaka 2023, Watuvalu wasiozidi 280 kila mwaka wanaweza kuhamia huko kwa kura. Nao ni watu kama 11,000 tu. Kura ya kwanza ilipofunguliwa mwaka 2025, walioandikisha majina pamoja na jamaa zao walipindukia nusu ya wananchi wote. Mkataba huo unakiri kwamba dola ya Tuvalu itadumu hata bahari ikipanda, na kabla yake Watuvalu walikwisha kuandika hayo katika katiba yao. Lakini pia unawataka wakubaliane na Australia kabla ya kufunga mapatano ya ulinzi na nchi nyingine. Maji yamewafikisha mahali pa kuuza sehemu ya hiari yao ili wapate mlango, na sisemi kwamba biashara hiyo ni mbaya, nasema kwamba ni biashara.

Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika rai iliyoombwa na Umoja wa Mataifa kwa juhudi za nchi ya visiwa ya Vanuatu, ilisema kwamba dola haikomi lazima kuwa dola kwa sababu ardhi yake imepotea, na kwamba mipaka ya bahari iliyokwisha kuwekwa haina haja ya kuchorwa upya ukingo ukirudi nyuma. Kwa nchi zinazoishi kwa ada za leseni za uvuvi, hilo ni jambo kubwa mno. Mahakama ikasema tena kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria wa kuzuia madhara haya, na kwamba anayeuvunja wajibu huo aweza kudaiwa fidia. Kiasi gani, na nani, na kwa mizani ipi, haikusema. Mfuko wa hasara na madhara uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 ulipata ahadi za mwanzo za dola zipatazo milioni 700, za dunia nzima, na ahadi na fedha ni vitu viwili. Mimi si mwanasheria, na hesabu za fidia zimenipita. Lakini naona katika safu ya mbele wamekaa watu wawili au watatu ambao kazi yao ni hiyo, na Mwenyekiti ameniahidi kwamba nikinyamaza watapewa nafasi. Ningependa kusikia kutoka kwao kisima kilichoingiwa na chumvi huthaminiwa vipi mahakamani, kwa bei ya maji yaliyopotea au kwa bei ya kisiwa.